Ukimya wa Njia

Mtu aliyekusudia kwenda kwa miguu mahali patakatifu huwa na maswali mengi kabla ya kufunga mzigo wake. Maji yapatikana wapi. Atalala kwa nani. Viatu vyake vitafika au havitafika. Katika zama zetu limezidi swali jingine ambalo babu zetu hawakulijua, nalo ni hili: katika njia mbili ziendazo mahali pamoja, ipi ina watu wachache? Msafiri wa zamani aliuliza ipi ina watu wengi, kwa kuwa wingi wa watu ulikuwa ngao yake. Sasa mambo yamegeuka. Ukimya umekuwa tunu, na mwenye kuutafuta hudhaniwa kuwa mcha Mungu zaidi kuliko mwenzake aendaye na kundi. Nataka kulichungua wazo hili, maana naona lina kweli ndani yake na lina hatari pia. Na pwani ya kusini ya Tanzania, toka Mikindani hata mlango wa Ruvuma, ni mahali pafaapo sana kulipimia.

Wazo lenyewe limekomaa mbali na hapa. Katika Uhispania watu huenda kwa miguu mpaka Santiago de Compostela, kwenye kaburi linalonasibishwa na mtume Yakobo. Njia yake mashuhuri, iitwayo njia ya Wafaransa, huanzia chini ya milima ya mpakani na kukata kaskazini ya nchi kwa masafa ya kilomita 780 hivi. Mwaka 2023 watu zaidi ya 400,000 walipewa hati ya kuhitimu safari hiyo. Kwa kuwa mwenda kwa miguu hutakiwa kutembea kilomita 100 tu ili aipate hati, wengi huanzia mji mdogo wa Sarria, na sehemu ile ya mwisho hufanana na njia ya gulioni siku ya gulio. Wasioupenda msongamano huo hupanda milima kutoka Oviedo, au huanzia kusini kabisa, Sevilla, na kuvuka nchi ya jua kali ambamo mtu aweza kwenda mchana kutwa asionane na mwenziwe. Japani nako, katika kisiwa cha Shikoku, yako mahekalu 88 yaliyozungukwa na njia ya kilomita zipatazo 1,200. Mwenda njia ile hushika fimbo inayotangaza kwamba wanaosafiri ni wawili: yeye mwenyewe na mwalimu Kobo Daishi, aliyefariki karne ya tisa. Hiyo naiona ni hekima nzuri. Hata yule aliyeukimbia umati hakupewa ruhusa ya kujihesabu kuwa mmoja.

Afrika Mashariki desturi yetu imeelekea upande wa pili. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, makundi ya waumini hutembea kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka mashahidi waliouawa katika enzi ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887. Hutoka pembe zote za Uganda, wengine Kenya, wengine Tanzania, na wako watembeao mamia ya kilomita. Huenda kwa parokia, na bendera, na nyimbo. Mgonjwa hushikwa mkono, na mchovu hubebewa kifurushi chake. Sijapata kusikia kwamba kati yao yupo aulizaye njia ya faragha. Umati kwao si adha ya safari. Ni sehemu ya ibada. Ziara za makaburi ya masheikh katika pwani yetu nazo ni hivyo hivyo. Mtu haendi ziara ili awe peke yake. Aenda kwa sababu wenzake waenda, dhikri husomwa na wengi, na sinia moja hukaliwa na watu ambao jana hawakujuana.

Mwenye kuutetea ukimya ana hoja, na si vema kuipuuza. Imamu Ghazali aliandika kitabu kizima, katika mkusanyo wake wa Ihya, juu ya adabu za kujitenga na watu. Hakuhukumu moja kwa moja kwamba kujitenga ni bora au kuchanganyika ni bora. Alizipima faida na hasara za hali zote mbili, akaiacha hukumu ifuate hali ya mtu mwenyewe. Watu wa tarika wanaijua khalwa. Watawa wa Kibenedikto, waliokaa Ndanda tangu mwaka 1906, wana saa zao za kunyamaza. Moyo uliozoea kelele huhitaji muda mrefu wa kimya kabla haujasikia lolote, na mwendo wa miguu ni dawa kubwa ya maradhi hayo, kwa kuwa mwili hupata kazi na ulimi hupata likizo. Mtu akiniambia kwamba katikati ya umati hawezi kusali, namsadiki.

Lakini kusadiki kwamba ahitaji ukimya ni jambo moja, na kukubali kwamba ukimya wowote aukutao wamfaa ni jambo jingine. Hapa ndipo Mtwara inapotufundisha.

Nchi hii haina njia ya hija iliyotiwa alama za mawe wala nyumba za kulaza wasafiri kama zile za Uhispania. Ina njia za kale tu, na kumbukumbu zilizolala juu yake. Tuseme mtu yupo Mikindani, ana wiki mbili tatu, na ataka kutembea kwa nia njema. Aweza kushika pwani kwenda kaskazini: Sudi, kisha Kitunda, avuke kwa kivuko mpaka Lindi, apite Mchinga na Kiswere hata afike Kilwa Pande. Huko ndiko alikokaa Sheikh Husein bin Mahmud wa tarika ya Shadhiliyya Yashrutiyya, aliyefariki mwaka 1971. Aweza kushika barabara ya Masasi ipitayo Nyangao na Ndanda. Aweza kupanda nyanda za juu za Makonde, atoke Newala kwenye ukingo ule waitao Shimo la Mungu, ambapo nchi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma huonekana chini. Au aweza kushika bonde lenyewe, aufuate mto toka delta yake ya mikoko kuelekea machweo. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu wetu ana nne.

Akiuliza ipi ina kimya zaidi, jibu ni bonde. Basi na aulize swali la pili, ambalo wauzao safari hawamfundishi: kwa nini pana kimya?

Mwezi wa Aprili, mwaka 1866, David Livingstone alitoka Mikindani kuelekea Ruvuma. Alikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, na askari wa Kihindi. Na kwa sababu matawi ya msitu yaliwazuia ngamia, iliwabidi Wamakonde wa kuajiriwa watangulie na kufyeka. Ngamia wale hawakuishi muda mrefu. Alipokwisha kuupanda mto, mwezi wa Juni, alimkuta mwanamke aliyefungwa shingoni kwenye mti, amekufa. Akaelezwa kwamba alikuwa mtumwa aliyeshindwa kufuatana na msafara. Katika nchi ile alikuta vijiji vilivyohamwa na mashamba yasiyo na wenyewe. Huo nao ulikuwa ukimya. Mtu asiyejua kisa angeweza kukaa chini ya mti katika mahame yale akasema: hapa pana amani.

Sisemi hivi ili kuwatisha wasomaji kwa mambo ya karne nyingine. Bonde lile limenyamazishwa zaidi ya mara moja. Tangu mwaka 1964 hata 1974 vita vya uhuru wa Msumbiji vilipiganwa ng'ambo ya mto, na watu wengi waliuvuka kuja upande huu na watoto mgongoni. Mwezi wa Oktoba 2017 fitina mpya ilianza Mocímboa da Praia. Mwezi wa Oktoba 2020 wenye silaha waliingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mwezi wa Machi 2021 mji wa Palma, usio mbali na mlango wa Ruvuma, ulishambuliwa, na wakazi wake wakatawanyika misituni na baharini. Njia iliyokuwa na wachuuzi, wavuvi na wajomba waendao kuwaona wapwa zao ng'ambo ilipungukiwa na watu kwa sababu hiyo. Mgeni aipendaye kwa ajili ya upungufu huo afanana na mtu aingiaye nyumba ya msiba akasifu jinsi ilivyo tulivu.

Mafakihi wetu walilifikiri jambo hili zamani kuliko tunavyodhani. Hija haimlazimu mtu ila akiwa na uwezo, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, usalama wa njia umo katika uwezo huo. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj, ameeleza kwamba mwenye kuogopa mnyama mkali, adui au mnyang'anyi njiani, na hana njia nyingine, hija haimwajibikii. Tuyatazame maneno hayo vizuri. Hayamsifu ajitiaye hatarini; yanamtaka atazame kama ipo njia nyingine. Kurani yenyewe, inapowataja wajao kuhiji, yawataja waendao kwa miguu kabla ya wapandao wanyama. Basi heshima ya mtembeaji haina shaka. Lakini heshima hiyo haikupewa kwa ajili ya upweke wake. Hadithi za Mtume humwonya msafiri asiende usiku peke yake. Twaona, basi, kwamba mapokeo yaliyotupa hija yalimtaka mtu awe na rafiki wa njia kwanza, ndipo aingie njiani. Anayesema kwamba upweke ndio asili ya safari takatifu ameyachukua mawazo yake kutoka mahali pengine, na afadhali akiri hivyo.

Nimeliacha bonde, na tupande juu. Nyanda za Makonde zina kimya cha namna nyingine, kimya kisicho cha hofu. Njia zake ni za mchanga mwororo kati ya mikorosho, na nje ya msimu wa mavuno mtu husikia nyayo zake mwenyewe. Wazee wa Kimakonde wana hadithi ya mtu wa kwanza aliyechonga sanamu ya mwanamke kwa mti, ikageuka kuwa mke wake. Walipokaa karibu na mto mtoto wao alikufa. Walipopanda kidogo wa pili akafa. Walipofika juu kabisa wa tatu akaishi, na tangu siku hiyo wakausiana wakae vileleni, mbali na mabonde yenye maji. Mwanachuoni Mjerumani, Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi hiyo. Ni hadithi ya watu waliochagua mahali kwa kujua gharama yake, maana juu ya mchanga ule hakuna mito wala chemchemi. Maji hunywea chini na kutokea mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wameteremka magenge kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Miaka ya 1950 maji yalianza kusukumwa kwa mashine kutoka chini, na kazi hiyo imepanuliwa baadaye, lakini shida ya maji juu ya nyanda zile haijawa hadithi ya kale.

Sasa mtu wetu wa ukimya afika jioni katika kijiji cha huko, mavumbi mpaka magotini. Desturi haina shaka: atakaribishwa, atapewa kigoda, ataletewa maji ya kunawa. Maji yale ni mwendo wa mtu mwingine. Yeye ametembea siku nzima kwa ajili ya nafsi yake, na yuko mtu aliyetembea asubuhi ile ile kwa ajili ya ndoo moja, wala hakuna aliyeuita mwendo wake ibada. Kwenye njia ya watu wengi mzigo wa wageni hugawanyika; kuna magenge ya chakula, kuna vyumba vya kupanga, kuna mabomba, na mgeni hulipa bila ya kumwaibisha mtu. Kwenye njia ya faragha mzigo wote huangukia nyumba moja, na mara nyingi nyumba hiyo ndiyo isiyoweza kukataa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Lakini mpita njia halali siku tatu, kwa hiyo jembe halimfikii kamwe. Kila usiku yu mgeni wa siku ya kwanza! Tusidhani kuwa hilo ni jambo dogo. Kuondoa shaka hii hakutaki falsafa kubwa: abebe chakula chake, achote maji mwenyewe hata kama ni kuteremka genge, au aache malipo kwa njia isiyouvunja ukarimu wa mwenyeji. Hata hivyo nawajua wachache wafanyao hivyo, maana maji ya mwenyeji huja yakiwa tayari katika kata, nayo hayasemi yalikotoka.

Yaweza kusemwa kwamba natia chumvi, na kwamba vijiji vilivyosahauliwa huwafurahia wageni. Hoja hii ina uzito kusini kuliko mahali pengi. Mtwara ilijengewa bandari na reli katika ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ukashindwa kabla ya miaka mitano kutimia, na reli ya Nachingwea ikang'olewa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi baadaye watu wa kusini walikatwa na mvua kila masika. Watu waliopitwa kiasi hicho huenda wasiupende ukimya wao hata kidogo. Huenda wataka lami, taa na makelele ya magari, na wana haki. Mpita njia awalipaye kwa chai na kitanda huwafaa kuliko mwenye kuwasifu akiwa barazani kwake Dar es Salaam. Nakubali. Ila tazama lililomo ndani ya hoja hiyo: ikiwa mgeni wa kwanza ni baraka, wenyeji watataka wa pili na wa mia, na wa mia akifika, kile alichokifuata wa kwanza hakipo. Ukimya ni mali ya ajabu, hupunguzwa na kila anayeusifu. Aujuaye akiufichua, auharibu. Akiuficha, awanyima wenyeji riziki ili yeye abaki na starehe yake. Katika hali hiyo mimi naona wenye haki ya kuamua ni wenyeji. Msafiri hana shauri katika jambo hilo, wala hana sababu ya kunung'unika njia aliyoipenda miaka kumi iliyopita ikijaa watu.

Yabaki barabara ya Masasi, ambayo mpenda kimya angeikataa mara moja. Ni ya lami. Malori ya korosho hupita juu yake kuelekea bandarini, na mabasi hayamwonei huruma mtu aendaye kando. Lakini katika njia zote nne hii ndiyo yenye kumbukumbu nzito kuliko zote. Misafara ya watumwa kutoka nchi za Nyasa iliteremka kwa njia za upande huu hata Lindi na Mikindani, watu wakiwa wamefungwa makongwa shingoni, na katika wao hakuna aliyeulizwa apenda njia ipi. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni za Nyangao na Lukuledi ziliteketezwa; na hasira iliyoziteketeza haikutoka hewani, maana kodi, kazi za shuruti na kiboko vilitangulia. Kila upande una wafu wake kando ya njia hii. Mtu akiikwepa kwa sababu ya moshi wa malori, aenda kuukuta utulivu, lakini hakutani nao.

Swali, basi, ni kwamba ziara hufanywa kwa ajili ya nini. Kama ni kwa ajili ya kutuliza roho, bustani yatosha, na ufukwe wa Msimbati watosha zaidi, wala hapana haja ya kuita matembezi hayo kwa jina kubwa. Ziara ni kuwazuru wengine: aliyelala kaburini, aliyeuawa, aliyepita kabla yako. Wao ndio wachaguao njia, kwa kuwa walikwisha ipita. Kwa hiyo kati ya njia mbili zifikazo mahali pamoja, mimi nitaifuata ile waliyoipita wao. Na zikiwa zimelingana katika hilo, nitaitaka iliyo salama. Na zikiwa zote salama, ndipo mtu ajipe ruhusa ya kupenda yenye watu wachache, na aipende bila ya kujiona bora kuliko wa njia nyingine. Najua mpango huu wa mambo utawaudhi wanaoamini kwamba dhamiri ya mtu mmoja ndiyo dira ya pekee. Sina ugomvi nao, ila dira huonyesha upande tu. Haisemi ni nani aliyezikwa huko.

Na ikiwa ataka mfano wa watu waliochagua, upo juu ya barabara hiyo hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule mwandishi wa sarufi na mkusanyaji wa ngano za Kiswahili, alitoka Lindi na watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kulelewa Unguja. Walikuwa wakirudi bara kwa njia za upande ule ule walioteremshiwa wenzao kwa makongwa. Walikwenda kwa kundi, na mizigo, na kelele zote za safari. Nia ya askofu ilikuwa wafike karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, wakaona ardhi nzuri na maji, wengi wakasema kwamba hapo panatosha, wakaomba wabaki. Askofu akawakubalia. Wakagawana viwanja, wakaanza kujenga, na yeye akashika njia ya kurudi pwani.